Nipe Mji, Mbaruku

Usingizi unamchukua Mbaruku Shekigenda akiwa amejilaza kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, mjini Morogoro, taulo limekunjwa chini ya kichwa na viatu vya ulingoni viko tayari miguuni. Ni usingizi wa mabondia, ule wa alasiri kabla ya pambano, ambao humjia aliyezoea tu, na Mbaruku amezoea. Miaka mingi sasa anaalikwa kwenye miji ya watu kupigana na vijana wanaopanda, na kazi yake, ingawa hakuna anayemwambia wazi, ni kupoteza vizuri: asimame raundi zote, watu wapate walichokuja kutazama, kijana wa nyumbani ainuliwe mkono. Bondia wa namna hiyo wanamwita msindikizaji. Asubuhi kwenye mizani, Twalib, kijana atakayepigana naye leo, ambaye hajashindwa na mtu tangu aanze ngumi, alimwamkia kwa adabu zote, shikamoo mzee, kisha akamuuliza, umekuja na shuka? Maana leo nakulaza mapema. Mbaruku akaitikia, marahaba mwanangu, nilaze tu, ila usisahau kunifunika. Watu wakacheka, na Twalib mwenyewe akacheka, kwa kuwa si kijana mbaya. Lakini moyoni Mbaruku hakucheka. Amemwahidi mkewe, Tunu, kwamba akipoteza na leo, glavu zinapanda juu ya kabati na hazishuki tena, atabaki na kazi yake ya kupakia machungwa kule Muheza. Tunu hakumlazimisha. Alimchemshia maji, akamkanda bega, akasema, nenda kapigane mume wangu, nitakupokea vyovyote utakavyorudi. Na kitu ambacho Mbaruku anakitaka kabla ya glavu kupanda kabatini ni kidogo sana, anataka jina lake lisomwe mara moja kuwa ndiye mshindi, mbele ya watu, alisikie kwa masikio yake.

Basi anafumba macho, na mlango wa chumba unajifungua bila kuguswa, na nje hakuna ukumbi tena, kuna barabara. Barabara yenyewe ni turubai la ulingo, limetandikwa mpaka macho yanapoishia, lina madoa ya zamani ya maji na jasho, na huku na huku kuna kamba tatu tatu badala ya ua. Anatembea, na barabara inatembea naye. Anayemngojea hapo ni mtu mwenye shati jeupe na tai ndogo nyeusi shingoni, kama waamuzi wanavyovaa, lakini usoni hana kitu, hana macho wala pua wala mdomo, uso umelainika kama kiganja cha mtoto. Ajabu ni kwamba Mbaruku haogopi. Mtu huyo anamshika mkono taratibu, kama unavyomvusha mgonjwa barabara, na mkono wake una joto zuri. Tunakwenda wapi, anauliza Mbaruku. Tunakwenda pale ulipoondoka kabla ya wakati, anasema yule mtu. Pale ni wapi? Kitendawili, anasema yule mtu. Na Mbaruku anajibu, tega, kwa sababu mtu aliyelelewa vizuri akitegewa kitendawili huitikia hata akiwa ndotoni. Nakipika mwenyewe kwa jasho langu, nakiacha jikoni hakijaepuliwa. Mbaruku anafikiri huku wanatembea. Ugali, anasema. Sio ugali. Maharage. Maharage ukiyaacha si yataungua, bwana, anasema yule mtu, na sauti yake inacheka ingawa uso hauna mdomo wa kuchekea, hebu toka kwenye vyakula. Mbaruku anafikiri tena, anasema, basi nimeshindwa. Umeshindwa? Nipe mji.

Ndivyo michezo ya vitendawili ilivyo, aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji huenda kwenye mji huo akatembea anavyotaka ndipo aseme jibu. Kwao watoto hutoa miji mikubwa, hutoa hata Makka. Lakini Mbaruku miji anayoijua ni ile aliyopigwa. Nakupa Korogwe, anasema, na palepale barabara inapinda na Korogwe inasimama mbele yao, ni yenyewe na si yenyewe, maana nyumba zote kuta zake ni vioo. Katika kila kioo kuna kijana ameinuliwa mkono na watu wanamshangilia. Mbaruku anajitafuta, hajioni. Mbona mimi simo, anauliza. Ulikuwa umeshatoka, anasema yule mtu, na ni kweli, kwa kuwa Mbaruku ana mazoea yake ambayo kocha wake amemgombeza mpaka amechoka: kengele ya mwisho ikilia anamkumbatia mwenzake, anamtakia heri, anainama chini ya kamba na kwenda zake kutafuta maji, majaji wakiwa bado wanajumlisha. Hapendi kusimama pale ameshikwa mkono huku unainuliwa wa mwingine. Sasa yule mtu anamsogeza kwenye kioo kidogo cha uchochoroni, na humo Mbaruku anajiona, amekaa kwenye ngazi za ukumbi na jicho limefumba, na mama mmoja asiyemjua, mama wa yule kijana aliyempiga, anamfuta damu kwa ncha ya kanga yake akisema, pole mwanangu, na wewe una mama yako. Mbaruku alikuwa ameshamsahau mama yule. Anabaki kumtazama mpaka kioo kinapata ukungu.

Kitendawili kile kile, anasema yule mtu, umeshapata? Bado. Basi nipe mji. Nakupa Singida, anasema Mbaruku, na vioo vya Korogwe vinageuka kimoja kimoja kama mtu anageuza matandiko, na upande wa pili ni Singida, upepo unavuma na vumbi lake. Humu kioo kinamwonyesha raundi ya nne, kijana wa Singida amepasuka juu ya jicho la kushoto, na Mbaruku, ambaye angeweza kupiga palepale akamaliza kazi, anahamisha ngumi zake zote upande wa kulia, hagusi kidonda. Alipoteza siku ile kwa pointi chache. Uliona, anauliza yule mtu. Niliona, anasema Mbaruku, alikuwa mtoto, angepofuka. Nani mwingine aliona? Hakuna. Na hapo pembeni ya kioo anatokea kijana yule yule, sasa mtu mzima, macho yake yote mawili yanang'aa, ana duka la spea za baiskeli, na ukutani dukani amebandika picha ya Mbaruku iliyokatwa kwenye gazeti. Mbaruku anataka kuingia amsalimie lakini kioo ni kioo, kinamrudishia kiganja chake tu. Amenenepa, anasema Mbaruku, na anafurahi, kifua chake kinakuwa chepesi kama alikuwa amebeba tenga la machungwa na mtu amempokea.

Nipe mji wa mwisho, anasema yule mtu. Mbaruku anatafuta kichwani na anaona amebakiwa na mmoja tu. Nakupa huu niliolala, nakupa Morogoro. Milima inainuka nyuma ya kamba, taa zinawaka, barabara inajikunja yenyewe kutoka pande zote mpaka inakuwa pembe nne, na Twalib yuko mbele yake na glavu nyekundu. Kengele. Twalib ni mwepesi, ngumi zake zinafika kabla hujaziona, na Mbaruku anafanya anachokijua, anajikunja, anazungusha bega, anazipokea kwenye mikono. Raundi zinapita na kurudi, nyingine inapita mara mbili. Anapumzika kwenye kona, mtu asiye na uso anamminyia sponji kichwani. Huyu kijana anashusha mkono wa kulia kila akitaka kuvuta pumzi, anasema Mbaruku. Umeliona lini hilo? Tangu raundi ya kwanza. Mbona hupigi? Mbaruku anasita, kisha anauliza kitu ambacho hajawahi kumuuliza mtu yeyote, naruhusiwa? Yule mtu anaacha kuminya sponji. Nani alikukataza, anasema.

Kengele. Twalib anavuta pumzi, mkono wa kulia unashuka, na ngumi ya kushoto ya Mbaruku inapita pale pale, bila hasira, kama mtu anayeingiza ufunguo kwenye kufuli ya nyumbani kwake. Twalib anapiga goti. Mbaruku karibu anyooshe mkono amwinue, anajizuia. Kijana anasimama, wanakumbatiana, na sikioni Twalib anamwambia huku akihema, mzee, ndiyo nini sasa hivi? Nisamehe mwanangu, anasema Mbaruku, na mimi nina watu wangu nyumbani. Anampiga tena, na tena, kwa uangalifu, akimtazama macho asije akamzidishia, mpaka kengele ya mwisho inalia na watu wa Morogoro wamenyamaza wote. Mbaruku anamkumbatia Twalib, anamtakia heri, anainama chini ya kamba na kuondoka. Miguu inakwenda yenyewe, inajua njia. Ameshafika kwenye korido ndipo anaposikia sauti ya yule mtu nyuma yake, wewe Mbaruku, umeshapika, unakwenda wapi? Anasimama. Sasa jibu analiona lote, ni uamuzi wa majaji, ambao katika kila mji ameuacha jikoni, na anageuka arudi mbio lakini korido inarefuka, kila hatua inazaa nyingine, taa ya ukumbini inakuwa ndogo kama tundu la sindano, na anafumbua macho.

Benchi. Taulo. Chumba ni kile kile na hakina mtu. Mdomo wake umevimba kidogo, lakini mdomo wa Mbaruku umepigwa miaka mingi kiasi kwamba hauwezi kutumiwa kama ushahidi. Fulana imeloa, lakini chumba nacho ni joto. Kutoka ukumbini spika inakwaruza, inaita, Mbaruku Shekigenda wa Muheza, Mbaruku Shekigenda, afike ulingoni. Anakaa, anasikiliza. Huenda anaitwa akaanze. Huenda ameshapigana, akatoka kama kawaida yake, akaja kujilaza hapa, na wanamwita arudi kusikiliza matokeo. Kocha wake, Semboja, anachungulia mlangoni na ndoo mkononi, anatweta. Wewe baba, watu wazima wamekaa wanakungojea, umelala. Kocha, anauliza Mbaruku, naitwa kuanza au kumaliza? Inuka hapo, anasema Semboja, usinichekeshe nina ndoo, na anamshika mkono, nao una joto zuri. Wanapita korido, na korido ni fupi. Watu wanasimama, wengine wanampigia makofi, watu wa mji usio wake, na yeye hajui ni makofi ya kumkaribisha au ya nini, ila anayapokea. Twalib yuko ulingoni, amekanyaga kamba ya chini na kuinua ya kati kwa mikono miwili, amemfungulia njia. Karibu mzee, anasema, tulikuwa tunakungoja wewe tu. Mbaruku anainama, anapita, anakwenda mpaka katikati, na anabaki hapo.