Goti Lililohesabiwa kwa Simu

Kwa miaka thelathini fundi vigae alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu za watu, na goti la kulia ndilo lililosalimu amri. Lilipopasuliwa, bintiye, aliyekuwa amehitimu tiba ya viungo mwaka huohuo na kupata kazi mji wa mbali, alimwambia, "Baba, daktari kamaliza yake. Iliyobaki ni yetu. Wiki sita tu, utarudi kazini."

Kila asubuhi alimpigia simu. "Nyoosha mguu, Baba. Kaza msuli wa paja mpaka ile pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ipande juu. Haya, mara kumi."

"Moja… mbili… mama yangu we, tatu…" Mzee aliguna kama mbeba magunia.

"Sasa telezesha kisigino uje nacho kwako. Linakunjika?"

"Linakunjika, daktari wangu! Niandikishe timu ya mpira."

Binti akacheka, akaenda kazini na moyo mweupe.

Wiki ya saba alipata likizo, akaja. Alimlaza baba yake chali, akashika kifundo cha mguu kwa mkono mmoja na nyuma ya goti kwa mwingine, akakunja taratibu. Goti likagoma kabla ya nusu ya safari. Msuli wa paja ulikuwa umenywea. Pia ya goti, ambayo ingepaswa kuteleza chini ya vidole, ilikuwa imeganda kama kigae kwenye saruji.

"Baba, hukuwa unafanya."

Mzee alitazama dari. "Nilijikaza kisabuni siku tatu. Kuanzia ya nne nikawa nahesabu tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulivyokuwa unafurahi, mwanangu! Ningekukatiaje raha?"

Hasira ilimpanda binti, ikakosa pa kukaa. Wagonjwa wengine wote aliwataka waonyeshe mguu. Hakumwamini hata mmoja kwa mdomo. Kwa baba yake peke yake aliridhika na sauti, kwa kuwa sauti ile ndiyo aliyokuwa akiikosa kule ugenini.

"Tukianza leo," mzee akauliza, "nitapiga magoti tena?"

Binti akalipapasa goti. "Utatembea, Baba. Ngazi utapanda. Kupiga magoti… sidhani."

"Kuna chumba nilikiacha nusu," mzee akasema. "Nilimwahidi mwenye nyumba nitakimaliza mwenyewe."

Binti akakunja tena, polepole, mpaka baba yake alipovuta pumzi kwa maumivu. Akakomea hapo, asisonge mbele, asimwachie.