Mafungu Tisa

Mtu akikuambia mtagawana sawa kwa sawa, unahesabu nini? Unahesabu vichwa. Ndivyo alivyofanya Mama Kola, na asije mtu hapa akatuambia eti mwanamke yule alikuwa mjinga. Kabla ya kukubali kazi alikwenda kuchungulia ile karakana ya sare za shule, akaona viti sita, vitano vina watu na kimoja kitupu kinamngoja yeye, akagawa kwa sita. Nani angegawa vingine?

Tena meneja mwenyewe ndiye aliyemfuata, kwa miguu yake. Alimkuta kwenye kibaraza cha duka alikoshonea miaka kumi na moja, akaokota shati la mteja, akaigeuzageuza kola, akapiga mluzi. "Mama, kwetu kola ndiyo inayotuaibisha. Njoo. Tunatoa mashati mia tisa kwa mwezi, ushonaji ni elfu moja kila shati, mnagawana sawa kwa sawa." Mia tisa mara elfu moja, gawa kwa sita: laki na nusu. Mama Kola hakuhitaji karatasi.

Na hiyo laki na nusu ilikuwa na kazi yake tayari. Kibarazani alikuwa akipata laki moja na ushei, mwezi ukiwa mzuri. Mumewe, mbeba magunia katika ghala la nafaka, alikuwa akileta hamsini elfu pamoja na mgongo uliokwisha. Daktari aliwaambia bila kupepesa macho: pingili mbili zimehama, gunia moja tu likikaa vibaya, huyu bwana ataanza kubebwa yeye. Mama Kola akauza cherehani chake kulipia picha na dawa. Akaacha kibaraza, na kesho yake tu fundi wa simu akakirukia. Akamwambia mumewe, "Wewe kaa chini, baba. Magunia basi. Mimi naleta ya wote wawili."

Mzee wa watu akakaa. Wiki ya kwanza alikuwa anazunguka nyumbani hajui aweke wapi mikono. Wiki ya tatu akaanza kulala mpaka kunapambazuka bila kuguna, na akawa anawatambia majirani kwamba siku hizi yeye ni mume wa fundi mkuu. Mama Kola alimsikia dirishani, akacheka peke yake.

Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi meneja akapitisha bahasha. Mama Kola akajibanza nyuma ya majora ya vitambaa, akahesabu. Laki moja. Akahesabu tena. Laki moja. Akaigeuza bahasha juu chini, akaitikisa, akatia jicho ndani utadhani hamsini nyingine ilikuwa imenasa kwenye gundi. Kilichotoka ni kikaratasi: mashati 900, mafungu 9, fungu moja 100,000.

Akapumua. Kumbe kosa la mkono! Meneja kaandika sita, kaigeuza kichwa chini miguu juu. Akarudi kwenye viti akicheka, akamwonyesha Bibi Vifungo.

Bibi Vifungo ndiye aliyekuwa mkongwe wa pale, mshona vifungo, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi pembeni. Hakucheka. "Hakukosea, mwanangu. Tupo tisa."

"Tisa wapi, bibi? Mimi kola. Wewe vifungo. Huyu mikono, yule mifuko, yule pindo, na yule matundu ya vifungo. Sita!"

"Wa saba ni mashine."

"Mashine?"

"Mashine. Wa nane ni umeme. Wa tisa ni ukaguzi."

"Na huyo ukaguzi ndiye nani? Mbona sijawahi kumwona akila na sisi?"

"Ni meneja akilitazama shati pale mlangoni."

Jamani! Mwanamke alisikia damu inampanda kuanzia kwenye visigino. Mwezi mzima kainamia kola, shingo imekakamaa, vidole vina matundu ya sindano, kumbe kakaa kwenye foleni moja na waya wa ukutani, na waya umepokea sawasawa na yeye! Laki moja! Hata ile ya kibarazani ilikuwa inazidi, na kibarazani alikuwa akipumzika akitaka. Akakibeba kile kikaratasi, akaingia ofisini bila kubisha hodi.

Meneja alikuwa kijana tu, umri wa mdogo wake wa mwisho, shati lake limepigwa pasi mpaka linang'aa. "Karibu, mama. Kuna nini?"

"Nimekuja kuuliza hali za wenzetu. Mashine hajambo? Watoto wake wanasoma?"

"Sijakuelewa."

"Umeme naye, kodi ya nyumba amelipa?"

Kijana akaelewa. Akaegemea kiti, akatabasamu tabasamu la mtu aliyewahi kuulizwa. "Mama, mashine zinachoka. Zinataka mafuta, zinataka kufanyiwa matengenezo. Lazima zitengewe fungu."

"Mashine ikichoka inatengewa fungu. Mume wangu mgongo umechoka, fungu lake liko wapi?"

"Hayo ni ya nyumbani kwako."

"Uliniambia tunagawana sawa kwa sawa!"

"Na tumegawana sawa. Kuna aliyezidishiwa? Ila hukuniuliza tuko wangapi."

"Ningekuulizaje wakati macho ninayo? Niliona viti sita! Au mwenzangu ukiingia mahali unaanza kwanza kuamkia soketi?"

Huko nje vyerehani vilikuwa vimenyamaza. Meneja akainuka, akasukuma mlango ukafunga, akarudi akiwa ameshusha sauti. Hapo ndipo alipotoa la moyoni, na alilitoa kwa upole, kama mtu anayekukaribisha chakula.

"Sikiliza, mama. Wewe sitaki kukupoteza. Shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili, nina mashati mia nne hayajatiwa kola. Yule bibi sasa mzito, kifungo kimoja anakikazia macho nusu saa. Nitampumzisha. Vifungo utavimalizia wewe, na nusu ya fungu lake nakupa. Laki moja na hamsini hiyo. Siyo ndiyo uliyoitaka?"

Na hapa lazima tuseme kweli, kwa sababu Mama Kola mwenyewe alikuja kuisema baadaye na kujilaumu: hakukataa papo hapo. Akilini alimwona mumewe amelala chali, amenyoosha miguu, ameachia mdomo wazi. Alitaka ile laki na nusu kiasi cha kumeza mate. Akasimama hapo kama mtu aliyesahau alichofuata. Meneja akasema, "Nenda kafikirie. Jumatatu unijibu."

Nje ya geti Bibi Vifungo alikuwa anamngoja, pamoja na wale wanne wengine. Mama Kola akataka kupita kichwa chini. Bibi akamshika mkono.

"Kakupa nusu ya nani?"

Mama Kola akainamia kikapu chake.

"Yangu, eh?" Bibi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Usinitazame hivyo, mwanangu. Mimi nilipewa nusu ya fundi wa pasi. Miaka minne iliyopita. Alikuwa anakaa pale penye lile kabati. Nilipokea, nikashukuru, nikawa napiga pasi mimi na vifungo mimi. Miezi miwili nilipata nusu. Wa tatu nikakuta kikaratasi kimeandikwa 'mashine', na nusu yangu imerudi kwa meneja."

"Na mimi nilipewa nusu ya mkataji nyuzi," akasema yule wa mifuko, kwa sauti ya chini. "Ndiye umeme sasa."

"Mkunja mashati alipoondoka nikapewa mimi nusu," akasema wa pindo. "Ukaguzi."

Wakatazamana. Miaka yote hiyo wamekaa kiti kwa kiti, wanaazimana nyuzi, wanachekeana, na kila mmoja alikuwa amelificha lake akidhani ni yeye peke yake mwenye roho mbaya. Tisa walikuwa watu kweli! Watu wenye majina na watoto, wakaondolewa mmoja mmoja, na kazi yao ikabaki, na fungu lao likabaki, ila mfuko ndio umebadilika. Mama Kola akaweka kikapu chini kwa hasira. Kilichomuuma zaidi ni kwamba dakika tano zilizopita alikuwa anakaribia kusema ndiyo.

"Kola mia nne," akasema. "Nani mwingine anaweza kuzitia?"

"Hakuna," akasema Bibi.

"Na vifungo?"

"Nani akae na sindano siku nzima? Mimi tu."

Hawakuongeza mengi. Waliagana wakutane hapo hapo getini Jumatatu, saa moja asubuhi, na asiingie mtu karakanani.

Nyumbani alimweleza mumewe yote, kuanzia bahasha mpaka geti. Hakumficha hata ile dakika aliyosimama ofisini akimeza mate. Mumewe alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Vifungo vya bibi wa watu sili mimi," akasema. "Lakini hamsini elfu si kitu cha kukosesha mtu usingizi, mke wangu. Nyapara bado hajampa mtu nafasi yangu. Alinitumia salamu jana. Jumatatu nikifika, naandikwa."

"Huendi."

"Magunia madogo madogo tu."

"Magunia madogo yanafungwa wapi, baba? Hebu nionyeshe hayo magunia ya kuchezea watoto! Huendi nimesema. Nipe mpaka saa nne. Meneja akigoma mpaka saa nne, tutakaa tuzungumze kama watu."

Mumewe akakuna kichwa. "Haya. Nitangoja."

"Niapie."

"Nimeshasema nitangoja, wewe mwanamke!" Akacheka, na Mama Kola akacheka naye, ule mcheko wa watu wasio na senti.

Jumatatu wanawake sita walikaa kwenye ngazi za karakana, vikapu magotini. Meneja alikuja na funguo mkononi, akawaruka, akafungua, akaingia. Baada ya dakika kumi akatoka.

"Kuna msiba?"

Akamgeukia Mama Kola.

"Mama, si nilikuambia unipe jibu? Hawa wengine wamekaa hapa kufanya nini?"

Mama Kola hakuinuka. "Jibu ni kwamba sisi leo tumechelewa kidogo. Lakini usiwe na wasiwasi, wenzetu watatu wamo ndani. Mashine yumo, umeme yumo, na ukaguzi si ndiye wewe? Anzeni. Mia nne si nyingi kwa watu watatu wanaopokea laki laki."

Yule wa mikono akaangua kicheko, akakiziba kwa kanga. Meneja akageuka rangi. Alisema atawafukuza wote. Bibi Vifungo akasema haya. Meneja akasema mafundi wako tele mitaani. Mama Kola akamwambia awafuate basi, kwa miguu, kama alivyomfuata yeye, na awaonyeshe zile kola. Kijana akaingia ndani, wakamsikia anapiga simu, anakata, anapiga nyingine. Akatoka akasema atawaongezea elfu kumi kila mmoja. Hakuna aliyetikisika. Simu yake ikalia, akaipokea akiwa amewapa mgongo, na wote wakasikia sauti ya mwalimu mkuu wa shule kubwa kuliko zote ikimuuliza mashati yako wapi.

Ilikuwa saa tatu na nusu aliposema, "Haya. Sita."

"Andika," akasema Mama Kola.

"Nimesema sita, mama, kwani neno langu..."

"Andika! Neno lako tumeshalionja."

Akaandika, ameegemeza daftari ukutani: mafungu sita, kuanzia mwezi huu, na hakuna fundi wa kuondolewa bila wenzake kuambiwa. Akatia sahihi. Bibi Vifungo akaisoma mara mbili, karatasi imegusa pua, ndipo akaikunja na kuitia kifuani.

Wakashangilia pale kwenye ngazi utadhani harusi. Mama Kola alikuwa anatafuta simu kikapuni, machozi na kicheko vimechanganyika. Saa nne kasoro! Alikuwa amewahi! Akapiga.

Ililia sana. Ikapokelewa, na kabla ya sauti ya mumewe akasikia makelele ya malori, na mtu akihesabu kwa kupaza sauti: kumi na saba, kumi na nane.

"Baba! Amekubali! Ni sita! Umenisikia? Laki na nusu!"

"Alhamdulillahi," akasema mumewe. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inatoka kwa shida, kama ya mtu aliyefungwa mkanda kifuani.

"Uko wapi?"

Yule mtu akahesabu: kumi na tisa.

"Nakuuliza uko wapi! Si ulisema utangoja?"

"Nyapara alisema mwisho wa kuandikwa ni saa moja, mke wangu. Nikaona, wasipokubali je? Nimebeba machache tu. Hili..." akapumua. "Hili ndilo nimesimama nalo hapa, kuna foleni ya kupanda lori."

"Liko mgongoni?"

"Eh."

Wenzake wakamsogelea mmoja baada ya mwingine. Meneja naye alisimama mlangoni na kalamu yake. Mama Kola aliinuka, akapiga ukelele ambao haukuwa na heshima ya mke kwa mume wala ya fundi kwa meneja, mtaa mzima ukageuka.

"Litue! Litue hapo hapo chini, nakuambia! Litue!"

Akashikilia simu sikioni kwa mikono miwili, akisikiliza.