Redio na Mashine ya Mkuu

Nyumbani mtoto wa dada yangu tunamwita Redio. Akifumbua macho anaanza, na ukitaka azime mpe chakula, na hapo napo ataongea huku anatafuna. Shuleni, kwenye hiyo shule ninayofanya usafi, walimu wanamwita Kimya. Mtoto ni yule yule, ana miaka kumi na moja. Tofauti ni geti tu.

Getini kuna kibao. Mwaka mzima nilikifuta vumbi kila Jumatatu bila kujua kinasema nini, mpaka mlinzi akanisomea: ndani ya uzio huu, Kiingereza peke yake. Alinisomea kwa Kiswahili, tena kwa kunong'ona, jicho moja likiwa kwenye dirisha la Mkuu wa shule.

Redio alikuja kukaa na mimi dada alipopata kazi mbali. Huko alikotoka alisomeshwa kwa Kiswahili, na hesabu alikuwa anazitafuna kama karanga. Hapa alipelekwa benchi la nyuma la darasa la tano, yeye na wenzake wanane ambao Kiingereza hakijawaingia. Benchi hilo walimu wanaliita Stoo. Ukiuliza mtoto fulani yuko wapi, utajibiwa, "Yuko Stoo," kama vile unaulizia fagio.

Basi ikatoka barua. Ijumaa watoto wa Stoo watafanya mtihani wa hesabu, na atakayeshindwa atarudishwa darasa la pili.

"Mama mdogo," Redio akaniambia huku tunaosha vyombo, "madawati ya darasa la pili ni mafupi. Magoti yangu yatafika masikioni."

Alicheka, lakini sahani ile ile aliiosha mara tatu.

Kesho yake nilimngoja Mkuu mlangoni kwake na ndoo yangu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba," akajibu kwa haraka, akageuka kuona kama kuna aliyemsikia.

"Nilikuwa nauliza kuhusu huo mtihani. Mtoto hesabu anazijua. Kiingereza ndiyo bado."

"Dada, mtihani ni mmoja, karatasi moja, muda mmoja kwa wote. Huo ndio usawa."

"Lakini swali lenyewe haelewi linauliza nini."

"Asiyeelewa swali ni mzito. Mzito anarudishwa chini apate nguvu." Akaingia, akaketi, akanyanyua miguu ili nipitishe dekio.

Nilideki. Jioni nikachukua daftari la Redio la shule ya zamani nikaenda nalo ofisi ya kamati ya elimu. Mwenyekiti wa kamati ni mama mfupi ambaye habari zake walimu huzisema wakiwa wamefunga mlango. Anagonga ofisi baada ya ofisi akidai watoto wa lugha mbili wapimwe kwa haki, na kila ofisi inamwambia aandike barua. Anatembea na mto wake wa kukalia.

"Nimekaa vikao miaka ishirini," aliniambia alipoona nautazama. "Viti vyao navijua."

Alilipekua daftari ukurasa kwa ukurasa. Mwishoni akasema, "Ijumaa nitakuja. Wewe endelea kudeki."

Sasa niwaambie habari ya mashine. Wiki ile ile shule ilinunua mashine mpya ya kuchapa na kutoa nakala. Fundi aliyeileta alikuwa mtu wa kujieleza mwenyewe kwa sauti: "Hapa nabonyeza, hapa nashuka, hapa nakubali." Akaiweka kwenye Kiswahili, kila mtu ajitegemee. Ofisi ya Makamu wa Mkuu, ilipo mashine, imepakana na Stoo, na katikati kuna kidirisha kisicho na kioo. Siku nzima ile Redio alitazama kidirishani, kwa sababu ubaoni hakukuwa na kitu anachokielewa.

Alhamisi jioni Mkuu aliingia, mashine ikamwandikia, "Karibu."

"Hata mashine?" alisema. Akamwamuru Makamu aihamishie kwenye Kiingereza mara moja.

Makamu hubonyeza vitu kama anayefukuza mende. Mashine ilihama lugha hii ikaenda ile, mwisho ikatulia kwenye moja yenye herufi kama vibanda vilivyojaa vijiti. Alipotia mtihani uchapwe, ikawasha taa nyekundu, ikaandika maneno mawili na alama ya mshangao. Hiyo alama tu ndiyo waliyoielewa.

Ijumaa asubuhi Mwenyekiti aliingia na mto wake kwapani, nyuma yake katibu wa kamati na mjumbe mmoja ambaye hukubaliana na aliyeongea mwisho. Walikuta Mkuu, Makamu na walimu watano wameizunguka mashine kama wanaoangalia mgonjwa. Mtihani ulikuwa bado tumboni mwake.

"Fundi je?" akauliza Mwenyekiti.

"Simu yake haipatikani," Makamu akasema, huku kidole kikiendelea na mende.

"Na nyinyi wote hapa hamwezi?"

Jasho lilikuwa linamtoka Mkuu. Kiingereza chote kilimkimbia, akaongea kama sisi.

"Mwenyekiti, usituone wajinga. Mimi nina shahada mbili. Tatizo hapa ni lugha tu. Hiki kitu kingeniuliza kwa lugha ninayoijua, ningekijibu sasa hivi."

Nililiacha dekio likatulia ndani ya ndoo. Mwenyekiti hakucheka. Aliweka mto kwenye kiti, akakaa vizuri.

"Mwalimu, naomba urudie hayo maneno pole pole, katibu ayaandike."

Mkuu aliigeukia kalamu ya katibu. Ndipo akaona alipojikwaa.

"Nimeshaandika," katibu akasema. "Na saa nimeweka."

"Ni kweli, lugha ni tatizo," akasema mjumbe.

Makamu akanyoosha tena kidole, na hapo sauti ikatoka kidirishani.

"Mama mdogo, mwambie aache, anaharibu. Abonyeze ile yenye alama ya gurudumu."

"Kiingereza!" Mkuu alisema, kwa mazoea tu. Kichwa cha Redio kikazama.

Mwenyekiti akamgeukia. "Mkuu, unataka Kiingereza au unataka mtihani?"

Mkuu aliitazama ile taa nyekundu. "Aje," akasema, kwa sauti ya mlinzi wa getini.

Redio alizunguka akaingia. Aliifuta mikono kwenye sketi. Akabonyeza ya gurudumu, akashuka mara nne, akaingia, akashuka mara mbili, akamalizia ya kijani. Mashine ikaandika, "Karibu. Karatasi imekwama."

"Umesomaje zile herufi?" Makamu akamuuliza.

"Sijasoma. Nilimwangalia fundi mkono unakwenda wapi. Hata darasani ndivyo ninavyofanya, naangalia tu. Nimezoea."

Alisema bila kumlaumu mtu. Mwalimu wake wa darasa akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

Redio akafungua ubavu wa mashine, akachomoa karatasi iliyojikunja. Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa mtihani. Mwenyekiti aliinyoosha gotini, akasoma swali la kwanza kwa Kiswahili: tangi lina lita mia sita, bomba linatoa humo lita kumi na tano kwa dakika—

"Dakika arobaini," Redio akadakia. " Kama halivuji. Linavuja?"

"Halivuji."

"La shuleni linavuja. Hilo lingechukua muda mfupi zaidi, ila mtu hajaoga."

Akajibu la pili, la tatu mpaka la saba, na katikati akaeleza bei ya mabomba ilivyopanda. Redio ilikuwa imewaka, na wa kuizima hayupo.

"Lakini hapa mtihani umevuja," mjumbe akasema.

"Umevuja kweli," Mwenyekiti akakubali. "Utungwe mwingine Jumatatu. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Na kila mchana Stoo wafundishwe Kiingereza saa nzima, maana kubonyeza bila kusoma kuna mwisho wake. Hii mashine inachapa pande mbili?"

Walimu wakatazamana.

"Inachapa," akasema Redio. "Fundi alionyesha."

Jumatatu wakaufanya. Kati ya tisa, saba walibaki darasa la tano, Redio akiwa juu yao wote. Wawili walishindwa kwa lugha zote mbili, na hao hata Mwenyekiti hakuwatetea. Alisema wafundishwe hesabu.

Mashine haijahamishwa kutoka kwenye Kiswahili mpaka leo. Hakuna anayethubutu. Juzi nilikuwa nadeki ofisi ya Makamu, nikamwona Mkuu amesimama kidirishani. Alikohoa, akatazama kulia na kushoto.

"Redio, mwanangu," akaita taratibu, "imekwama tena."

Redio aliinua kichwa kwenye daftari, akamjibu kwa Kiingereza, sentensi nzima, neno baada ya neno. Mkuu akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti, akakaa.

Jioni nikamuuliza alimwambia nini.

"Nilimwambia asubiri. Niko darasani."