Hatua Niliyoiruka

Leo msifungue Biblia kwanza. Hata wewe dada wa dirishani, ambaye kidole chako kimeshafika Warumi, kitoe. Tutasoma, lakini mwisho. Nina neno la kusema, na nikilisema baada ya kusoma nitajificha nyuma ya maandiko. Kujificha huko nakujua vizuri, nimekufanyia mazoezi miaka mingi.

Jumapili katibu alisoma tangazo la msiba. Alisema fundi viatu aliyewahi kuwa mwalimu wa kwaya yetu amefariki nyumbani kwa binti yake, na atazikwa Jumamosi. Watu wawili wa darasa hili wakanong'onezana nyuma yangu. Mmoja aliuliza ni yupi huyo. Mwenzake akamjibu kwamba si ni yule mlevi. Msiinamishe vichwa, sitawataja, na wala sina hasira nanyi. Neno hilo nililishona mimi kwa mikono yangu nikawavisha, na mshono wangu mnaujua, haufumuki.

Mnaniita Mkasi. Mnadhani sijui. Mwanzoni nilijiambia ni kwa sababu ya cherehani, kumbe ni kwa sababu ya mdomo. Basi sikilizeni Mkasi alivyokata.

Ni miaka tisa sasa. Nilikuwa nimempelekea mteja gauni la harusi ya mwanawe, saa kumi na mbili jioni, Jumatano. Nikapita njia ya nyuma ya ile baa iliyopakana ukuta kwa ukuta na banda la huyo fundi viatu, ambaye sote tulimwita Mwalimu. Nikamwona Mwalimu anatoka mlango wa nyuma wa baa, shati limelowa kifuani, na harufu ya pombe ikanifikia kabla ya salamu. Nikapita kama sijaona. Jumatano iliyofuata nilipita tena, na safari hii sikuwa na gauni lolote la kupeleka, naomba mlielewe hilo. Akatoka tena. Aliponiona alishtuka, akarudi ndani, akafunga mlango. Nikasema moyoni, ahaa. Mtu asiye na hatia hafungi mlango.

Sasa, nilikuwa nafundisha nini Alhamisi ile, kesho yake tu, kwenye chumba hikihiki, tumekaa kwenye viti hivihivi vya watoto vinavyotupeleka magoti kidevuni? Nilikuwa nafundisha Mathayo kumi na nane. Ndugu yako akikosa, nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asipowasikia hao, ndipo uliambie kanisa. Nilichora hatua tatu ubaoni kama ngazi. Mwalimu mwenyewe alikuwepo, pale mlangoni, maana alipenda kukaa karibu na upepo. Nikamtazama, naye akanitazama, nikafuta ubao. Nilipotoka hapa nilikwenda moja kwa moja kwa mchungaji.

Mchungaji wa wakati ule alikuwa mtu mpole. Aliniuliza kama nimezungumza na Mwalimu. Nikamjibu kwamba nimeona kwa macho yangu mara mbili, nizungumze nini tena. Akaguna, akashika kalamu. Ijumaa barua ikaenda, Jumamosi tukakaa wazee saba mezani. Mwalimu aliulizwa kama alikuwa baa. Akasema alikuwepo. Akaulizwa alikuwa anafanya nini. Akasema zaidi ya hapo hana la kusema, wazee waamue. Mimi nikasema kimya cha mtu mzima ni jibu, na wenzangu wakatikisa vichwa. Tukampa miezi sita. Asiguse Meza ya Bwana, asiongoze kwaya, akae benchi la nyuma, na miezi ikiisha asimame mbele ya ushirika atubu.

Alikaa benchi la nyuma. Hakukosa Jumapili hata moja. Hilo nalo liliniudhi, niseme ukweli. Nilitaka akasirike ili nione nilikuwa sahihi.

Mwezi wa nne mkewe akafariki. Alikuwa mgonjwa siku nyingi, mama mmoja mtaratibu, sauti ya pili kwenye kwaya, anaimba kama anaomba radhi. Mwalimu alikwenda kwa mchungaji akaomba jambo moja. Aongoze wimbo mmoja tu makaburini, kisha arudi benchi lake. Mchungaji alikuwa tayari kukubali. Akatuita wazee, akasema jamani, ni mke wake. Wote wakanitazama mimi, kwa sababu kanuni za kanisa nilikuwa nazijua kwa namba. Nikasema leo wimbo mmoja, kesho nini? Nikasema kanuni ni kanuni. Hakuna aliyebisha. Mkuki kwa nguruwe, wenzangu.

Siku ya mazishi kwaya iliimba bila mwongozaji. Walianza juu mno. Ubeti wa pili sauti za wanawake zikakatika, wanaume wakabaki peke yao, wakababaika, wimbo ukafa katikati. Nikageuka kutazama. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya watu, koti limembana, na mkono wake wa kulia ulikuwa unapiga mapigo taratibu kwenye paja, kana kwamba bado wanaimba. Aliendelea mpaka beti zote zikaisha kichwani mwake. Niliona. Nikajiambia ni uchungu wa msiba, nikaangalia mbele.

Miezi sita ikaisha, hakuja kutubu. Tukasema ana kiburi. Akaacha kuja kabisa, na sisi tukamwacha. Tukasema yameandikwa, asiposikia kanisa na awe kwako kama mtoza ushuru. Nilifundisha mstari huo mara ngapi, nikiufanya kama kufuli? Haikunijia hata siku moja kwamba Mathayo mwenyewe alikuwa mtoza ushuru, na kwamba Yesu alikula nyumbani kwake. Watoza ushuru ndio aliowafuata mezani. Sisi wetu tulimnyima meza.

Sasa nakuja kwa mume wangu. Mlimjua nyote, mtu wa karakana ya magari, mkimya, mcheshi akiwa mbali nami. Miaka miwili ilikuwa imepita. Nilikuwa nakata kitambaa mezani, yeye anapiga pasi suruali yake, kwa sababu upigaji pasi wangu hakuuamini. Redio ikapiga wimbo wa mazishi. Akazima pasi. Akasema, "Yule Mwalimu hakuwa anakunywa. Alikuwa ananitoa mimi."

Nilidhani anatania. Akanieleza. Zile Jumatano alizoniambia kuna kazi ya ziada karakana, hapakuwa na kazi ya ziada. Alikuwa baa. Mwalimu aliisikia sauti yake kupitia ukuta, maana mume wangu akizidiwa huanza kuimba, basi fundi anaacha kiatu alichonacho anakwenda kumtoa kwa mlango wa nyuma, anamlaza bandani kwake mpaka kichwa kitulie, anamsindikiza hadi kona ya kwetu. Lile shati lilimwagiwa na mume wangu. Na ile siku Mwalimu aliponiona akarudi ndani na kufunga mlango, alikuwa anamficha mume wangu aliyekuwa chini, kwenye korido, anatapika. Alifunga mlango nisione aibu ya nyumba yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na fundi wa nguo ni mimi.

Nikamuuliza mume wangu kwa nini hakusema siku ile ya wazee. Kwa nini hakusema hata siku ya mazishi. Akasema siku ya mazishi ndiyo aliyoacha pombe, na kweli, nilikuwa nimeona ameacha kazi za ziada. Lakini kusema hakuweza. Akasema, "Nilikuogopa. Mungu nilijua atanisamehe. Wewe sikuwa na hakika."

Tulikuwa na miaka ishirini na sita ya ndoa. Niliendelea kukata kitambaa, na mkono wa shati la mteja ukatoka mfupi.

Ilinichukua wiki tatu kwenda kwa Mwalimu. Kutembea ni dakika kumi. Mwishowe nikachukua kiatu changu kizima nikang'oa kisigino kwa nyundo, ili niwe na sababu. Alikipokea, akakigeuza, akapitisha kidole gumba pale kwenye misumari. "Hiki hakikuvunjika, mama," akasema. "Kimevunjwa."

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Niliyosema siwezi kuyarudia hapa, yalikuwa na kamasi nyingi. Nikasema kesho nakwenda kwa wazee, Jumapili nasimama mbele ya ushirika, nasafisha jina lake. Nikasema kwaya itakwenda makaburini kumwimbia mkewe wimbo ule, hata kama ni miaka miwili imepita. Akaendelea kupaka gundi. Akasema wimbo ulikuwa wa siku moja, na siku hiyo ilipita. Kisha akaweka kiatu chini. Akaniuliza nitawaambia nini wazee watakapouliza alikuwa anafanya nini baa. Akasema mume wangu amesimama kwa miguu yake miaka miwili, na watu wakianza kumnyooshea kidole atarudi alikotoka. "Ukisema wakati yeye yu hai, utakuwa umenifungia ushirika bure," akasema. "Acha yabaki ya sisi wawili."

Mimi, ambaye siwezi kuona kifungo kimelegea kwenye shati la mtu nisimwambie, nilipewa siri. Nikaibeba miaka sita. Nilikuwa nikiwasikia watu wakimtaja yule mlevi, nawanyamazia. Nilikaa kwenye kiti hiki Alhamisi baada ya Alhamisi, na tukifika Mathayo kumi na nane naugua tumbo. Mmenipikia uji mara ngapi kwa ajili ya tumbo lile, Mungu awabariki, halikuwa tumbo.

Mwaka jana mume wangu akafariki, akiwa mzima wa akili na bila tone kinywani. Kabla ya kufa aliniambia sasa naweza kusema, na nimwambie Mwalimu kwamba aliona aibu mpaka mwisho. Kwa hiyo toka mwaka jana nilikuwa huru. Mwaka mzima. Nilijiambia nisubiri arobaini ipite. Ikapita. Nikasema nisubiri mkutano mkuu. Ukapita. Mwalimu akahamia kwa binti yake, nikasema akija kusalimia nitasema akiwepo, itapendeza zaidi. Kosa la kwanza nililifanya kwa sababu nilidhani najua. Hili la pili nililifanya huku najua kila kitu, kwa sababu niliona haya kwenu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na virago vyake vyote, anaishi kwangu, na usiku anataka kuzungumza.

Leo asubuhi nimekwenda kwa wazee. Nimewaambia kama ninavyowaambia nyinyi. Wameandika kwenye daftari la kumbukumbu kwamba nidhamu ile imefutwa, kwamba haikustahili, na Jumapili katibu atasoma tangazo. Kwaya itaimba Jumamosi, na mimi sitakaa mbele na wazee. Mmoja wao alinipa pole, akaniambia afadhali ukweli umejulikana. Ndiyo. Utasomwa Jumapili. Yeye Jumapili atakuwa na siku moja chini ya udongo.

Nilikuwa natafuta namna ya kufundisha mstari huu miaka yote, na nilikuwa nafundisha ngazi. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na lengo ni kufika juu kwenye baraza na ushahidi mkononi. Kumbe Bwana hakutaka tupande. Alitaka tuishie ile ya chini. Anasema akikusikia, umempata nduguyo. Hakusema umeshinda kesi. Na mimi nilikuwa na ndugu mzuri kuliko nilivyostahili, dakika kumi kutoka kwangu, na nikampitia pembeni kwenda kuandikisha barua.

Jambo la mwisho, ndipo tusome. Siku ile bandani, kisigino kimeshagongelewa, nilifika mlangoni nikageuka. Nikamuuliza kile kilichokuwa kinanikereketa. Kama ningekuja kwake ile Alhamisi, peke yangu, nikamuuliza, angeniambia?

Akasema, "Wewe peke yako, ningekuambia." Akafuta gundi vidoleni kwa kitambaa, hana haraka. Akasema alikuwa darasani siku ile, aliiona ngazi yangu ubaoni, na aliponiona namtazama alijua naanza hatua ya kwanza. Akatoka hapa mbio, akawahi bandani. Pale bandani hapakuwa na kiti cha mgeni, wateja husimama. Akaenda kuazima kiti kwa jirani, akakipangusa, akakiweka pale mlangoni nilipokuwa nimesimama. Akaacha mlango wazi mpaka jioni, akaacha tena Ijumaa kutwa.

"Barua ilipokuja," akasema, "nikarudisha kiti."

Haya, fungueni sasa. Mathayo kumi na nane, mstari wa kumi na tano. Soma wewe, dada wa dirishani, na usome polepole. Mimi leo siuwezi.