Baridi ya Ofisini kwa Mjomba

Anayesikia la mkuu ndiye huvunjika guu. Na mkuu ninayemsema ni mjomba wangu, kaka yake Mama, aliyeniingiza kazini kwenye maabara ya kupima mbegu na asiyechoka kunikumbusha.

Maabara ina kabati la joto la kuoteshea bakteria. Kitufe chake kimebandikwa plasta kwenye nyuzi ishirini na nane tangu nikiwa darasa la pili. Aliyebandika ni Mjomba. Hakuna anayekigusa.

Mwezi ule yaliletwa magunia mia mbili ya mbegu za maharage, ya kugawiwa wakulima. Tulikuta bakteria ndani. Hilo si ajabu, wengi wao ni wageni wasio na neno. Swali lilikuwa moja tu: hawa wanatengeneza sumu au hawatengenezi? Tukawaotesha kabatini kwenye mchuzi wao wa virutubisho, tukauchuja, tukadondoshea maji yake kwenye majani machanga ya maharage. Majani yakabaki kijani. Mjomba akaandika: Salama.

Mimi roho haikutulia. Chuoni nilifundishwa kwamba bakteria wa ugonjwa wa kupausha maharage haokoti sumu njiani. Anaishona. Ana vimeng'enya maalumu vilivyojipanga kama mafundi cherehani kwenye meza moja: huyu anakata, yule anaunga, wa mwisho anapiga pasi. Sumu ikiingia kwenye jani inakikaba kimeng'enya cha mmea wenyewe, jani linashindwa kujijenga, linapauka njano. Bakteria hadhuriki, maana amejiwekea kimeng'enya cha akiba ambacho sumu haikiwezi. Ila mafundi hao wana deko. Kwenye joto hawashiki sindano. Bakteria atazaana na kunenepa, sumu hutaiona. Wanataka ubaridi, nyuzi kumi na nane hivi.

"Mjomba, tuwaoteshe tena kwenye ubaridi."

"Diploma ya miaka miwili inanifundisha kazi?"

"Mitatu, Mjomba."

"Sikio halipiti kichwa, mpwa wangu."

"Halipiti. Lakini ndilo linalosikia."

Alinitoa nje kwa kidole.

Jengo lile ni tanuri, isipokuwa chumba kimoja: ofisi yake. Anavaa suti ya vipande vitatu, kwa hiyo kiyoyozi chake kinasoma kumi na nane mwaka mzima, hata akiwa safarini. Alipokwenda mkutanoni siku tatu, nilichukua funguo kwa mfagiaji nikaficha chupa mbili nyuma ya vikombe vyake vya mfanyakazi bora. Moja ilikuwa na bakteria, nyingine mchuzi mtupu. Aliporudi alinikuta mlangoni nikitoka nazo.

Baada ya siku mbili, majani yaliyodondoshewa maji ya chupa ya kwanza yalikuwa na duara za njano kama kiini cha yai. Ya chupa ya pili hayakubadilika hata chembe.

Mjomba hakuyatazama. Alimwita Mama.

Mama alikuja na gauni lake la kwendea harusini, akaketi ukingoni mwa kiti. Mezani kulikuwa na barua tayari: naomba radhi kwa kuingia ofisi ya mkuu bila idhini na kuchafua sampuli. Nikitia sahihi, majibu yangu yanafutwa na magunia yanatoka Jumatatu. Nisipotia, kuna majibu mawili yanayopingana, na kanuni inasema mzigo hautoki mpaka upimwe upya.

"Mwanangu, mwombe mjomba wako msamaha yaishe," Mama alisema. "Nani mwingine alikushika mkono?" Kisha akajikunyata. "Kaka, humu mbona baridi hivi? Utadhani shambani kwangu alfajiri."

Mjomba alikohoa.

"Mama, umejiandikisha mbegu kiasi gani?" niliuliza.

"Magunia mawili."

"Ndizo hizi." Nikaweka jani la njano mbele yake.

Aliligeuza, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Mama hajui kimeng'enya ni nini, lakini maharage anayajua. "Njano hii naifahamu. Mwaka ule niliovuna mashina matupu." Akamtazama kaka yake. "Wewe ulinipimia zile mbegu. Ukaniambia ni mvua."

"Dada, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Na mimi nilikuwa na njaa ya kitaalamu?"

Mjomba akanisukumia kalamu. "Sahihi. Au funguo za maabara."

 

Nilizitoa funguo mfukoni, zote tatu, nikazilaza juu ya barua yake.

"Kuingia humu bila ruhusa niliingia, na kesho ningeingia tena. Sampuli sikuchafua. Huo ubaridi ni wako, Mjomba, soma mwenyewe hapo ukutani. Msamaha siombi."