Kahawa Iliyolala na Ganda

Watu wa kwetu Kibosho wana huruma sana, usiwasikilize wanaosema vingine. Ukijikwaa njiani utapewa pole kabla hujainuka, na ukifika nyumbani utazikuta pole nyingine zinakusubiri mlangoni. Mimi nimepewa pole nyingi mno. Zingekuwa ndizi ningefungua soko. Ila mkono wa kunishika niinuke niliutafuta siku moja mtaa mzima nikaukosa, na habari ya siku hiyo ndiyo ninayotaka kukupa. Nitaisema kwa hasira, univumilie. Namna nyingine siijui.

Naitwa Kornelia. Mume wangu alifariki mapema akaniachia kihamba kidogo cha migomba na kahawa, na mtoto mmoja tu, Salvina. Mtoto huyo alizaliwa na kicheko. Padri alishawahi kumkemea kwa kucheka katikati ya mahubiri, na alipokemewa akacheka tena, mpaka padri mwenyewe akageuka upande. Akaolewa na Filemon, kijana mpole wa mtaa wa chini, ambaye baadaye alipata kazi ya reli upande wa Voi. Mimba ilipokuwa kubwa, na mume yuko mbali, Salvina akarudi kwangu kusubiri siku zake.

Miaka hiyo, baada ya vita vya Hitla, kahawa ilipanda bei mpaka watu wakabadilika sura. Waliokuwa wakilala chini ya majani ya migomba wakaezeka bati. Mtaa wetu ulikuwa na mashine moja ya kukobolea, ya kuzungusha kwa mkono. Tuliinunua kwa pamoja tukaifunga uani kwa Primus, kwa sababu kwake ndiko unakopita mfongo, mfereji wetu wa maji, na kahawa inataka maji. Tuliitumia kwa zamu. Ukichuma leo unakoboa leo. Ukikosa zamu, kahawa yako inalala na ganda, na bwana shamba alikuwa ametuambia kwamba kahawa ikilala na ganda imekufa: itachacha, itanuka, na karani wa chama cha kahawa atakurudishia gunia lako mbele ya watu. Neno hilo tuliliamini kuliko katekisimu.

Basi ilikuwa mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Uchungu ulikuwa umemshika Salvina tangu jana yake. Asubuhi mkunga wetu, bibi kizee aliyepokea nusu ya watu wa mtaa ule, akatoka ndani anajifuta mikono, akanivuta kando.

"Kornelia, mtoto amelala kimshazari. Hapa mimi nimefika mwisho. Mpeleke kwa masista, na mpeleke sasa."

Zahanati ya masista ilikuwa ng'ambo ya mto. Unashuka bondeni, unavuka daraja la magogo, unapanda upande wa pili. Lakini Salvina hakuweza hata kuketi. Alihitaji machela, na machela inataka watu wanne wenye mabega.

Nikakata masale. Isale ni lile jani refu tunalopanda mpakani na kwenye makaburi. Kwetu ukimwendea mtu umelishika mkononi, umeshasema yote. Hata aliyemuua ndugu yako, akija na isale, unaweka panga chini unamsikiliza. Mimi sikuwa nimeua mtu. Nilikuwa naomba mabega tu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Primus, maana siku ya kahawa wanaume wote huwa huko. Primus alibatizwa siku moja na marehemu mume wangu, akiniita shemeji. Nilimkuta ameshika mpini wa mashine, mkewe Lukresia yuko kwenye karai anaosha, na wengine wamekaa juu ya magunia yao wanangoja. Aliponiona na jani lile akaacha kuzungusha. Akavua kofia. Akalipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Salvina amezidiwa," nikasema. "Mtoto amekwama. Nataka watu wa kumbeba kwa masista."

"Pole, shemeji. Pole sana. Salvina ni mwanangu yule."

"Basi njoo tumbebe."

"Nakuja. Ila zamu yangu ndiyo imeanza, na mzigo huu unauona mwenyewe. Nikiacha, mwingine anaingia, na yangu inalala. Wewe waambie na hawa. Mimi unihesabu, nimo."

Akalichomeka isale kwenye udongo penye ua wake lisije likaanguka chini likakanyagwa. Kwa heshima kabisa, mtu wa watu.

Nikamgeukia Filbert aliyekuwa anafuata kwenye zamu, nikampa isale lake. Akalipokea naye. "Pole, mama. Primus akienda, na mimi naenda. Peke yangu nitabebaje machela?" Wa nyuma yake akasema vivyo hivyo, Filbert akienda. Na Lukresia akaja akanikumbatia, mikono imelowa maji ya kahawa, akalia. Yalikuwa machozi ya kweli, siwezi kumsingizia. Alipomaliza kulia akarudi kwenye karai.

Hakuna aliyenikatalia. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Mmoja wao angeniambia hapana, ningemtukana nikakimbilia mtaa mwingine, kule wasikonijua. Hapana ingenisaidia. Ile "nakuja" yao ndiyo iliyonifunga miguu, kwa sababu mtu aliyeambiwa nakuja hurudi nyumbani kungoja.

Nikarudi nyumbani kungoja.

Salvina alikuwa amelala ubavu, ameshika nguzo ya kitanda. "Wanakuja, mama?"

"Wanakuja, mwanangu."

Kutoka kwangu mashine ya Primus inasikika. Haikuwa mbali hata kidogo. Ilikuwa inakwaruza, inakwaruza, halafu inanyamaza. Kila iliponyamaza nilijua zamu imekwisha, nikasimama mlangoni nitazame njia. Kisha ikaanza tena, maana Filbert ameingia. Ikanyamaza, nikasimama. Ikaanza tena. Na Salvina naye alikuwa anaisikiliza. Nilidhani amesinzia, kumbe anaisikiliza.

"Imesimama, mama," ananiambia.

Nikatoka tena. Nikaenda mpaka kwenye mgomba wa mwisho, nikaita. Sauti ikajibu kutoka uani kwa Primus, "Tunakuja, shemeji!" na mashine ikaendelea. Niliporudi ndani, mwanangu alikuwa anacheka kidogo, kwa midomo tu, hana nguvu.

"Mwaka huu kahawa ni nyingi," akasema.

Ndilo neno lake la mwisho ninaloweza kulikumbuka vizuri. Mengine aliyosema baadaye yalikuwa ya maumivu na ya kumwita Filemon. Mkunga akamfumba macho, akakaa chini sakafuni. Mtoto hatukumwona. Na mashine ilikuwa bado inakwaruza.

Walikuja. Usiseme hawakuja. Jua halijazama walikuja wote, wamenawa mikono, wamebeba machela iliyokazwa kamba mpya, na Primus ametoa blanketi lake mwenyewe zuri la kujifunika wakati wa baridi. Nilikuwa nimekaa mlangoni.

"Shemeji, tumefika," akasema. "Yuko wapi mgonjwa?"

Nikajisogeza ili aone ndani.

Sasa ngoja nikuambie habari ya msiba, maana hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Kwetu msiba ni msiba. Mtu akifa, hakuna wa mtaa ule anayeingia shambani mpaka matanga yaishe. Walikuja watu mpaka uani hapatoshi. Waliniletea ndizi, pombe ya mbege, kuni, maziwa. Lukresia alinipikia na kunilisha kwa mkono wake. Wanaume wale wale wa kwenye magunia walichimba kaburi, wakamshusha mwanangu taratibu asitikisike, wakapanda masale kichwani kwake. Wanasema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, lakini Primus hakunisubiri mimi nianze.

Na kahawa? Kahawa iliiva ikawa nyeusi mtini. Ikadondoka chini, kwa Primus, kwa Filbert, kwa kila mtu. Hakuna aliyeigusa. Jirani mmoja alipotaka kwenda kuchuma kidogo kwa kujificha, Primus alimkemea mbele ya watu: "Huna haya? Binti wa watu amekufa, wewe unawaza kahawa?" Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu, nimekaa kwenye mkeka. Mashine ikanyamaza siku zote za matanga, na mimi kila nikiusikia ule ukimya natamani kwenda mlangoni kutazama njia. Kwa Salvina mzima hawakuweza kuacha zamu moja. Kwa Salvina maiti waliacha mavuno yakaoza, na hakuna aliyelalamika.

Filemon alifika na treni, tumeshazika. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza jambo moja tu: "Mama, waliombeba kumpeleka hospitali ni akina nani, nikawashukuru?" Nikasema nitakuambia baadaye. Akarudi Voi sijamwambia.

Mwaka ukapita, kahawa ikaiva tena, kahawa haina adabu. Nikachuma, nikaenda kwa Primus na debe langu kama wengine. Kusalimiana tulisalimiana. Watu walidhani nimepoa.

Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Nimeshika mpini, ndio kwanza nimeanza kuzungusha, Primus akatoka ndani mwake anayumba kama mtu aliyekunywa. Mkewe mimba ilikuwa imemharibikia, damu haikatiki. Akatutazama pale uani, akageuka, akaenda kwenye ua wake, akavunja jani. Nikaliona shina alikolivunja. Lilikuwa lile isale langu. Isale lenye kijiti chake ukilichomeka kwenye udongo huota, na lile lilikuwa limeota, limefika kiunoni, limenawiri. Akaja nalo kwangu, kwa sababu zamu ni yangu na mimi ndiye niliyesimama mbele. Akalishika kwa mikono miwili.

"Shemeji," akasema.

Filbert na wenzake wakainamisha vichwa, wanatazama magunia. Walijua. Nami pole yangu nilikuwa nayo mdomoni, tayari imeiva. Nilikuwa nimeitunza mwaka mzima. Pole, Primus, ngoja nimalize. Nani angenilaumu? Lakini kutoka ndani nikamsikia Lukresia anauliza kwa sauti ndogo, "Wanakuja?"

Nikaachia mpini. "Leteni machela," nikasema.

Mtu mmoja alipungua, nikaingia mimi. Mwanamke habebi machela kwetu, lakini hakuna aliyethubutu kuniambia. Nikaweka mti begani, nikajiandaa kwa uzito, nikakaza meno. Tukainua.

Ilikuwa nyepesi. Mungu wangu, ilikuwa nyepesi. Debe la maji linanilemea kuliko ile. Tukashuka bondeni, tukavuka daraja la magogo, tukapanda, na kabla sijaanza kuhema vizuri nikaona bati la masista. Njia ile niliipita maisha yangu yote, ila siku hiyo ndiyo nilijua urefu wake. Masista wakampokea Lukresia mlangoni, wakamwingiza ndani, na baadaye sista akatoka akasema atapona. Filbert akajifuta jasho akasema, "Tumewahi." Primus akapiga magoti kwenye majani.

Mimi nikaenda nyuma ya jengo, wanakoanika mashuka, nikalia mpaka nikatapika. Watu walidhani namlilia Lukresia. Nilikuwa nalilia ile njia. Ilikuwa fupi, na sote tulikuwa tunaijua.

Kahawa yangu siku ile ililala na ganda. Niliikoboa kesho yake asubuhi, nikaiosha kwenye mfongo, nikaianika. Ilipokauka nikaibeba kuipeleka kwa karani, nikapanga mstari nyuma ya Primus. Karani akaingiza mkono kwenye gunia langu, akachota, akanusa, akalisukuma kwenye mizani. Nikamshika mkono.

"Hii ililala na ganda," nikamwambia. "Inuse tena."

Akanusa tena, akanitazama kama mtu anayemtazama mama asiye na akili sana. "Ukiiosha vizuri haina neno, mama. Usiku mmoja haifi. Haya sogea, mwenzako apite."

Nikasogea.