Beringi Iliyolia

Mashine ililia, ikanyamaza, na baba akainuka kitini kwenda kubandika maji ya mama ya kuoga.

Mama alikuwa kaburini mwaka wa pili.

Mimi na mjomba tulibaki uani tumeduwaa, mashine ya kusugua sakafu katikati yetu, mota yake wazi kama kifua cha mgonjwa. Shule alikofanya usafi mama ilikuwa imenunua mpya, hii ikatupwa stoo. Mjomba, fundi asiyeweza kupita chuma bila kukisalimu, aliichukua kwa bei ya chakavu. Tuliona mota nzuri, na mwenye ukumbi wa harusi aliyekuwa akiisubiri. Hatukukumbuka sauti.

Nyumba yetu ilipeana mgongo na shule, ukuta mmoja tu katikati. Wanafunzi wakitoka alasiri, mama alianza kusugua korido. Beringi ya mashine ile ilikuwa imelika, ikawa inalia kwa sauti nyembamba, kama mtu anayelia kafumba mdomo. Mjomba alitaka kuibadilisha bure. Mama akamcheka.

"Kaka, ukiinyamazisha, baba watoto atajuaje nimemaliza?"

Sauti ilipokatika, baba alibandika maji. Mama akifika mlangoni, yanafuka moshi. Hata leo nikisikia sakafu inasuguliwa mahali, miguu inagoma kwanza.

Baba alipoanza kusahau, alianza na majina ya majirani, akaja kwenye yetu, mwisho akasahau msiba. Kila tulipomwambia, alifiwa upya. Tukaacha kumwambia.

Sasa alikuwa mlangoni, shati safi, nywele kachana. "Mama yako leo kachelewa," alisema, akarudi kuyapasha maji yaliyopoa. Alikuwa anaimba. Sikumbuki mara ya mwisho alipoimba kabla ya hapo.

Kesho yake tulifungua brashi. Nilichomoa nyuzi za deki, vipande vya chaki, vibanio vya wasichana. Kisha, umejiviringisha kwenye ekseli, unywele mmoja mrefu wenye mvi. Wanafunzi hawana mvi. Mjomba aligeuza uso, akajifanya anatafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

"Mjomba, beringi iache."

"Niiache? Itaunguza koili, na mwenye ukumbi ataniunguza mimi."

"Basi tusimuuzie. Tuwe tunaiwasha tu, alasiri."

Akaweka spana chini. "Mpwa wangu, niambie mapema nijipange. Natengeneza mashine au nafuga mzimu?"

"Si unamwona anavyofurahi?"

"Namwona anavyosubiri."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, mdomo ninao. Lakini nilitazama ndani. Chakula cha jana kilikuwa bado mezani, na cha leo kando yake. Nilipomsihi ale, baba alinisukuma mkono taratibu, kama mtu asiyetaka kumvunjia heshima mgeni. "Nitakula naye," alisema. Tangu msiba mashati yake yalikuwa yakimpwaya shingoni; hakuwa na mwili wa kuruka mlo. Na macho yake hayakutoka mlangoni, hata nilipopiga magoti mbele yake nikasema mimi ni mwanawe.

Nilirudi uani nikachukua nyundo mwenyewe.

Beringi ile ilikataa kutoka. Niliigonga, nikaipaka mafuta, nikaigonga tena, nikiiomba msamaha kwa kila pigo. Ilipodondoka kwenye saruji, ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, inaenea kiganjani. Tukafunga mpya, tukajaza grisi. Mjomba akaniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali, naye akabonyeza swichi.

Hakuna kilichosikika ila brashi ikipapasa saruji.

Baba kitini aliinamisha sikio. Akangoja. Kidole chake kilikuwa kinagonga mkono wa kiti, kikapunguza, kikaacha. Kisha akaja uani akajishikilia kwenye fremu ya mlango, akiitazama brashi inavyozunguka bila kulia na duara la saruji linavyong'aa chini yake. Mjomba akazima.

"Alikufa lini?" baba aliuliza.

Nilimtafuta mjomba kwa macho. Kainama, anafuta mikono iliyokwisha takata.

"Mwaka juzi, baba."

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyemfumba macho."

Akaitazama mikono yake, mmoja kisha mwingine, nje na ndani.

"Afadhali," alisema.